Kichwa Nakitikisa Mwenyewe

Jumapili, 7 Februari 1999

Nimeanika betri. Nne, juu ya ukuta wa choo, pale jua linapopiga tangu asubuhi. Zikishika joto mpaka adhuhuri zitanipa upande mmoja wa kaseti. Zikiwa na huruma, upande na nusu.

Zamu sina leo. Hoteli bado nusu tupu na sisi wa dobi tunapokezana siku. Nimefua, nimepika, nimeswali. Binti yangu Mwanajuma kaenda kwa fundi kujaribu nguo ya harusi. Nyumba yangu peke yangu.

Kaseti mpya bado naisikiliza kidogo kidogo, nisiimalize utamu. Bi Helga, mgeni wetu wa Kijerumani hotelini, aliniletea Januari. Mwaka jana hakuja, waliogopa zile fujo za Likoni. Mwaka huu kaja na mkongojo, na kaseti kwenye mkoba. Huniletea kila Wazee, bendi ya kwao, wanapotoa mpya, tangu ile ya kwanza niliyoikuta kwenye mfuko wa suruali yake nikiwa msichana mgeni dobi. Nilikwenda kumrudishia, naye akaniwekea nisikie. Miaka ishirini sasa. Sijapona na sitaki kupona.

Jina lao la Kijerumani siliwezi kuliandika. Mimi nawaita Wazee wa Chuma. Siku zile walikuwa vijana, nywele mpaka kiunoni. Sasa ni wazee kweli. Mpiga gitaa hana hata unywele. Mwimbaji sauti imekwaruza, imeshuka. Mimi naipenda zaidi hivi. Zamani alikuwa anapiga kelele, sasa anasema.

Zimeshika joto. Naenda kuziweka redioni.


Jumatatu, 8 Februari

Jana sikuweza kuandika tena. Balaa.

Nilikuwa nimefungua nywele. Nimevaa fulana yangu nyeusi yenye picha ya nyundo ya Wazee, aliyonipa Bi Helga, ambayo kazini huivaa chini ya buibui na hakuna ajuaye. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili, ule wa kiwanda kilichofungwa. Bi Helga ndiye aliyenieleza maana yake, lakini hata kabla ya kuelezwa nilijua ni wa watu wa kazi. Ule mdundo ni boila zetu na mashine ya kupigia pasi mashuka, zote zikienda pamoja asubuhi. Nimefumba macho, kichwa mbele, kichwa nyuma, nywele zinaruka.

Nikafumbua macho. Bi Mwanahamisi kasimama mlangoni.

Huyu ni shangazi yake Bakari, mchumba wa binti yangu. Ndiye aliyemlea Bakari tangu mamake alipofariki. Katoka kwao Kikoneni na kikapu cha mihogo. Alipiga hodi, sikusikia. Akaweka kikapu chini, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Mihogo mizuri. Imetushinda kuila.


Jumanne, 9 Februari

Wamekuja. Bi Mwanahamisi na Bakari. Bakari kutwa nzima anatazama vidole vyake vya miguu.

Kwa ufupi: nina pepo. Wa Kijerumani. Ameniingia kule hotelini kwenye nguo za wageni, anataka wimbo wake, na asipotulizwa atarithiwa na Mwanajuma, kisha wajukuu. Bi Mwanahamisi hataki ndoa ifungwe kabla sijapungwa. Kuna mganga kwao, Bi Mwanatumu, hodari. Watasimamia wao kila kitu.

Nikasema sina pepo. Naswali sala zangu tano na kichwa changu nakijua.

Akanishika mkono. Kwa upole mkubwa akasema, "Ndivyo wasemavyo wote, dada. Wala si aibu."

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemtimua.


Jumatano, 10 Februari

Kazini. Nimepiga pasi mashuka kama nayaadhibu. Kamau wa boila, mtu wa Nyeri, kauliza kuna nini, nikamweleza. Akacheka mpaka akaketi chini. "Mathe, si uwaambie tu ni stimu ya ngoma?" Stimu, yaani kunogewa. Kwao hakuna mambo haya, kwao ukipenda makelele unaombewa kanisani.

Yeye ndiye mtu pekee hapa anayewajua Wazee, kwa sababu namlazimisha. Mwanzo alisema ni kelele za lori limekufa gea. Sasa namsikia akizipiga mluzi. Sisi tuko wawili basi, kutoka Likoni mpaka Lungalunga.


Ijumaa, 12 Februari

Nimegombana na Mwanajuma. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Kasema hivi: "Mama, kwani si kila Jumapili watikisa kichwa? Tikisa na hapo kwa mganga, yaishe. Watampa huyo pepo wako kitambaa cheupe na marashi, atashiba, nami niolewe."

Ukweli ni kwamba hajakosea. Hesabu yake ni safi. Nikitikisa kichwa mara moja mbele ya yule mganga, mambo yamekwisha. Tena nitakuwa na ruhusa ya kupiga kaseti zangu mchana kweupe mpaka nife, na majirani watasema mwacheni, si yeye, ni mwenziwe.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Si mimi? Nani aliyesikiliza? Nani aliyejifunza kutofautisha gitaa la kushoto na la kulia kwa redio yenye spika moja mbovu? Mume wangu alipofariki, nani aliyesimama kwa miguu yake siku ya arobaini akaenda kazini na wimbo wa nyundo kichwani? Nimpe pepo sifa hizo? Pepo alikuwa wapi?

Nikamwambia Mwanajuma hivyo hivyo. Akalia. Nikaenda kukaa uani.


Jumapili, 14 Februari

Betri nimezianika. Kaseti sikupiga. Jumapili ya kwanza katika miaka mingi.

Mwanajuma kashona pindo la kanga akinipa mgongo. Shingo yake nyembamba kama ya babake. Anampenda yule kijana. Naona jinsi anavyoshtuka mlango ukigongwa.

Nitakwenda kwa mganga. Kutikisa, sijui.


Jumatano, 17 Februari

Bakari kaja peke yake baada ya kazi, saruji bado miguuni, maana ni mwashi. Shikamoo yake imejaa huzuni. Kasema yeye hana neno nami, hata angeniona natikisa miguu yote minne. Lakini shangazi alimlisha kwa mkono wake, na akisema hapana hawezi kumvuka. Kanitazama usoni aliposema hivyo. Nimemheshimu.

Nimefikiri sana. Nikitikisa, nina pepo. Nisipotikisa, Bi Mwanahamisi atasema pepo mkaidi, kajificha, tupunge tena mwezi ujao na ndoa isubiri. Nimebanwa kotekote.

Fulana ya nyundo nimeipiga pasi. Nitaivaa chini. Kama ni kuaibika niaibike na wenzangu.


Jumamosi, 20 Februari

Niandike yote kabla hayajapoa.

Kikoneni, uani kwa Bi Mwanatumu, baada ya adhuhuri. Mganga mwenyewe ni mwanamke mfupi, mnene, macho makali, mwenye kukohoakohoa. Mkeka, chetezo cha ubani, wanawake wa kwao wamejaa. Nikafunikwa kitambaa cheupe kichwani. Wapiga ngoma wawili na mmoja wa kayamba.

Niseme haki, wa kayamba anajua. Zile mbegu ndani ya mabua alizifanya ziseme. Ila yule wa ngoma ndogo anakimbia. Kila akinogewa anaongeza mwendo. Mpiga ngoma wa Wazee hajakimbia miaka ishirini.

Wakaimba nyimbo za pepo wa baharini. Nikatulia. Za pepo wa Kiarabu. Nikatulia. Za Kimasai. Jasho lilinitoka, joto chini ya kitambaa si mchezo, lakini kichwa hakikusogea. Nikamsikia Bi Mwanahamisi akinong'ona, "Mkaidi huyo."

Mganga akanyamazisha ngoma. Akauliza, wimbo wake mwenyewe uko wapi? Kila mmoja ana wimbo wake.

Na mwanangu, mwanangu mwenyewe, akatoa redio kwenye kikapu. Alikuja nayo. Alidhani ananisaidia. Akabonyeza.

Wimbo wa kiwanda. Gitaa zile mbili zikaingia uani Kikoneni, kuku wakatimka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Shingo yangu ikataka. Nilikaza mikono kwenye magoti. Wiki mbili sijausikia! Nikajiuliza, Mwanasiti, unawaficha Wazee? Kwa nani? Kwa ajili gani?

Nikaacha. Nikatikisa. Kwa nguvu zangu zote, kitambaa kikaruka huko. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwanahamisi akalia kwa furaha, namsikia, "Huyoo! Huyo kapanda!"

Mganga akainama mbele yangu. Akauliza kama wanavyomuuliza pepo, "Nani wewe? Watoka wapi? Wataka nini?"

Na hapo hapo betri zikaanza kufa. Mwimbaji akazama, ngoma zikaburura miguu. Nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipa maneno. Nikasimama.

Nikasema, "Mimi ni Mwanasiti binti Omari, wa Msambweni. Napiga pasi hotelini Diani. Kichwani mwangu hamna mtu ila mimi, na kichwa nakitikisa mwenyewe kwa sababu muziki huu naupenda. Nataka mwanangu aolewe. Na nataka betri mpya, maana hizi zinawaaibisha Wazee."

Wanawake wakatazamana. Kuku wakarudi.

Mganga akanitazama machoni muda mrefu. Akanusa pumzi yangu. Akamwita Mwanajuma, akaniuliza huyu nani, nikasema mwanangu, na nyumbani tutazungumza. Ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapangusa machozi kwa kanga. "Tangu nianze kazi hii sijaona pepo ataje jina la babake na kazi yake. Huyu hana mtu. Zimeni ubani."

Bi Mwanahamisi alikuwa kama aliyemwagiwa maji. "Basi kama si pepo, ni nini?"

"Mapenzi, dada," nikamwambia. "Mapenzi tu."

Bi Mwanahamisi hakula chakula. Aliingia ndani.

Njiani kurudi Mwanajuma alinishika mkono mpaka nyumbani. Sijui kama nimemkosesha mume. Najua sijutii. Yote mawili yananikaa kifuani.


Jumapili, 21 Februari

Hakuna habari kutoka Kikoneni. Redio kimya, betri zimekufa kabisa, hata jua haliziamshi.


Jumanne, 23 Februari

Bakari kaja mbio. Ndoa ipo palepale, Ijumaa! Mganga mwenyewe alikwenda nyumbani kwao kusema tena: hakuna pepo, basi hakuna cha kurithiwa, mtoto ni safi. Shangazi hakuwa na la kupinga. Kinywa kakifunga lakini kakubali.

Nimekaa jikoni nikalia kama mjinga. Mwanajuma kadhani nimeungua.


Ijumaa, 26 Februari

Imefungwa. Alhamdulillahi. Baada ya sala ya Ijumaa, na mvua haikunyesha, na wali haukuungua, na mwanangu amependeza mpaka nikaona wivu.

Bi Mwanahamisi alinisalimu kwa ncha za vidole. Maneno matatu, si zaidi.

Ila hili nalitunza. Wanawake wa Kikoneni walikuwa wakinong'onezana juu yangu kule uani, yule ndiye wa kichwa. Mwanajuma akawasikia. Na hina zake, na dhahabu zake za kuazima, akageuka akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Ndiye. Ndiye mamangu huyo."

Nilijifanya nahesabu sahani.


Jumapili, 28 Februari

Nyumba kimya. Godoro la Mwanajuma nimelikunja. Nimepika kidogo na bado kimebaki.

Asubuhi Bakari kapita, kapewa kifurushi aniletee. Kimefungwa kwa kanga mpya, kwa fundo la watu wa Kikoneni. Kutoka kwa shangazi yake. Salamu zake ni kwamba jambo likishaombwa mbele ya Bi Mwanatumu yeye hapati usingizi mpaka limetolewa, awe kaomba pepo au kaomba mtu. Na siku akipita tena na mihogo atagonga hodi kwa nguvu zaidi.

Ndani kulikuwa na betri. Mpya, nne, bado na karatasi zake.

Nimeswali adhuhuri. Nimefungua nywele. Mwimbaji kaingia na sauti yake yote, mzee wa watu, hajaburura hata neno.

Ukuta wa choo mtupu. Leo sikuanika kitu.