Nyumba ya Tatu Kutoka Kisimani

Baba Kulwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeingia kwa mtu bila kusalimu, fomu yake yote ni uongo.

Wiki ya tatu sasa tangu tukuzike, na ninaogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai hapa Kahama wote wana masikio.

Kazi yetu ya kuhesabu wasikilizaji wa redio naifanya peke yangu. Napita na begi lako nikiuliza: jana mlisikiliza nini, saa ngapi, mlikuwa wangapi? Tangu vita vianze, majibu yamekuwa mepesi mno. Kila nyumba inasikiliza taarifa ya habari ya kwetu, hata nyumba zisizo na redio. Na watoto hawataki niwahesabu kwa sauti; wanasema anayehesabiwa hufa. Basi nahesabu vigoda kimoyomoyo, kama ulivyonielekeza, na natazama betri zilizoanikwa juani. "Mdomo utakudanganya," ulisema. "Betri hazijui siasa."

Lakini kuna fomu moja niliikosea, nawe ukaondoka kabla hujaikagua. Ya mzee Masanja, nyumba ya tatu kutoka kisimani, yule ambaye mwanawe yuko vitani. Alinikaribisha, akafungulia stesheni ya adui. "Hawa wanasoma majina ya waliowakamata," akasema. "Mimi nasikilizia moja tu." Tukakaa mpaka majina yakaisha. Halikutajwa. Akazima, akasema, "Haya, leo bado yupo," akanisogezea ugali na maziwa.

Nikatia alama: stesheni ya ng'ambo, msikilizaji mmoja. Kisha, kwa ujuaji wangu, nikaandika jina lake kamili. Wewe ulikuwa unaandika "mzee, kisimani", basi. Nilidhani ni uvivu. Nisamehe.

Kesho anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Dereva aliyeleta habari anasema atarudia nyumba zenye majibu ya ajabu. Jibu la ajabu katika begi hili ni moja. Akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba mkaguzi haji peke yake.

Nilitaka kuifuta alama ile kabisa. Nikakusikia ukifoka: "Hesabu ikidanganya, bora tukauze karanga!"

Basi nimejaza fomu mpya. Stesheni ya ng'ambo: msikilizaji mmoja. Jina: langu. Nyumba: yangu. Si uongo, Baba Kulwa. Jioni ile nilisikiliza jina kwa jina mpaka mwisho, ila nilisahau kujihesabu. Fomu ya zamani nilimpelekea Mama Kulwa. Aliisoma, akanitazama, akaitia mafigani chini ya uji wa Kulwa na Doto. "Karatasi kavu hii," akasema.

Redio yako alinipa baada ya matanga. Iko mezani, mshale umesimama pale pale kwenye stesheni ile. Betri nimezianika juu ya bati, mkaguzi azione kabla hajabisha hodi.

Mwandiko umeharibika. Ungenicheka.

Pumzika, mwalimu wangu. Mzee Masanja ataendelea kusikilizia jina lake moja. Nami nakuahidi, wakiniuliza watakavyoniuliza, la kwake hawatalisikia kwangu.