Wimbi Moja, Vituo Saba

Jumatatu, 19 Aprili 1982

Vituo vyote saba vimeitika. Daa wa kwanza kama kawaida, Malambo wa mwisho. Simu ya upepo hapa hospitali Karatu ina wimbi moja tu, kwa hiyo kila zahanati na zamu yake, na maneno ni yale niliyowaandikia: taja jina la kituo mara tatu, kila mara ukiachia kitufe kidogo ili mwenye la haraka aingie, kisha sema shida yako kwa mkupuo mmoja, kisha funga. Wameyakariri kama sala.

Nesi Paulina wa Nainokanoka ana mama wa mimba ya kwanza. Mtoto ametanguliza miguu. Uchungu ukianza ataita, gari likamchukue. Dizeli ni ya safari moja. Malambo nao wanalitaka gari, kwa chanjo.

Mvua. Chai bila sukari. Marehemu mume wangu Safari angeipata mahali, madereva hawakosi.

Jumanne, 20 Aprili

Kuna mtu anakalia wimbi bila kusema. Mvumo wa redio unakatika kama mtu akibonyeza kitufe, kimya, unarudi. Tena na tena. Nikasema achia wimbi, wenzako wana kazi. Karani wa Daa akadakia: "Dada, huyo ni mzee wa Malambo, amekalia kitufe! Ova." Malambo wakajibu kwamba hawajagusa kitu, na kwamba makalio yanayojulikana wilaya nzima ni ya Daa. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Utaratibu wangu unasema anayekalia wimbi bila neno arukwe. Nikamruka. Nainokanoka hawakuitika. Nilidhani betri.

Bwana Mganga, mkuu wetu hapa hospitali, ameamua: Nainokanoka wakiwa kimya, hawana shida. Kesho gari liende Malambo.

Jumatano, 21 Aprili

Asubuhi, kabla ya zamu. Nilikuwa nashona kifungo. Mvumo ukakatika kidogo, mara tatu. Halafu ukakatika kwa muda mrefu. Tatu fupi, moja ndefu. Ikarudiwa vilevile. Sindano ikaniponyoka. Huyo mtu alikuwa anataja jina la kituo. Mara tatu, akiachia kila mara, kama nilivyowafundisha.

Kipaza sauti chake kimekufa. Kitufe kizima. Anasema na hasikiki, ila sisi anatusikia.

Nikamwambia: mara mbili ni ndiyo, mara moja hapana. Wewe ni Nainokanoka? Mara mbili. Uchungu umeanza? Mara mbili. Tangu jana? Mara mbili.

Jana alinisikia nikimfukuza. Alitusikia tukicheka.

Nikakimbia uani. Masanduku ya chanjo yalishafungwa garini. Bwana Mganga akasema kwa upole, "Dada, una majonzi bado. Mlio wa redio si mgonjwa." Nikamshika mkono, mimi ambaye sijawahi kumshika mkubwa mkono. Akaja hadi chumbani. Akafikiri, akasema, "Haya. Muulize zahanati yake ina vitanda vingapi." Mimi sikujua. Yeye ndiye aliyevipeleka.

Nikauliza. Mvumo ukakatika mara nne.

Hakuniangalia. Alitoka akipaza sauti: "Tluway! Shusha masanduku!"

Mzee Tluway, dereva wetu, ameondoka saa tano. Barabara ni ileile ya ukingoni mwa kreta, na ukungu ni uleule uliomchukua Safari mwaka jana. Ni mimi niliyeomba aende. Naogopa.

Saa kumi nikauliza, gari limefika? Mara moja. Saa kumi na moja, mara moja, hafifu. Saa kumi na mbili, hakuna kitu.

Alhamisi, 22 Aprili

Hakuna gari. Hakuna kubonyeza. Nimeita tangu alfajiri. Vituo vingine vimeniachia wimbi, hakuna aliyewaambia. Karani wa Daa amesema tu, "Pole, dada," akafunga.

Sijala. Nakumbuka Safari alivyokuwa akivua viatu mlangoni asiniletee tope humu. Vidole vyake vikubwa kwenye saruji.

Mungu, usinifanyie hivi tena.

Ijumaa, 23 Aprili

Gari limerudi saa tatu, tope hadi madirishani. Lilinasa usiku wa Jumatano. Wachungaji wa kule walikuja kulisukuma kulipokucha. Tluway mzima. Redio ya Paulina ilikuwa imeishiwa betri. Mama yu hai. Mtoto alishafariki kabla gari halijamfikia.

Siku moja niliyomruka. Labda ingetosha. Sitajua. Bwana Mganga anasema si kosa langu. Ni langu.

Nimeifuta sheria ya kuruka. Kimya kiulizwe kwanza. Nimewasomea wote sita walio hewani. Walirudia bila utani.

Jumamosi, 24 Aprili

Nimekwenda wodini kumwona yule mama. Ni msichana, hata miaka ishirini sidhani. Hajui Kiswahili. Alisema neno, Tluway akanitafsiria: "Anaomba maziwa."

Hospitali haina. Nyumba ya kwanza hawana. Ya pili ng'ombe hakamwi. Ya tatu imefungwa. Ya nne wamenipa kikombe kimoja. Nimeyachemsha, nimeyapoza, nikamshikia kikombe, hana nguvu bado.

Hakuuliza mimi ni nani. Sikumwambia.

Alikunywa polepole, akipumzika kati. Nilikaa mpaka akamaliza.

Mvua imepungua.