Gauni la Kijani Mlangoni mwa Spitali

Ijumaa, Aprili 2008. Ibra, Oman.

Upepo wa moto unavuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia mpaka kwenye vikombe vya kabatini. Nimefunga madirisha yote. Nyumba imekuwa kimya, kama haijawahi kukaa mtu. Mama yuko spitali, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na mimi sitakiwi kule mpaka kaka aniite.

Naandika sasa kabla sijaanza kujidanganya.

Nyinyi mnaonisoma hapa mtandaoni, wachache mlivyo, mnajua jambo ambalo hapa mjini halijui mtu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, nachora ramani katika ofisi ya serikali, nina ndevu, nasali, na napenda kuvaa magauni. Sitaki kuwa mwanamke. Napenda tu kitambaa chepesi kinavyopiga miguuni, napenda maua yake, napenda kiuno kilichokatwa. Mmoja wenu aliniandikia kwamba mtu wa Oman hana haja ya kuhangaika, kwani dishdasha, kanzu yetu hii, nayo si gauni? Ndugu yangu, nimevaa dishdasha tangu tuliporudi kutoka Tabora nikiwa na miaka tisa. Tofauti naijua.

Mwaka mzima nimekuwa nikijitia moyo kidogo kidogo. Kwanza sketi, ndani ya chumba, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kisha gauni la kijani lenye viua vyeupe, ambalo fundi wa Nizwa alinishonea baada ya kumwambia mke wangu ni mrefu kama mimi. Sina mke. Kisha nikaanza kulivaa uani mama akilala mchana, nikimwagilia mlimau. Siku ya kwanza nilimwaga nusu ndoo nikakimbilia ndani. Siku ya kumi nilikuwa nikiimba.

Nikajiambia, sasa bado mama.

Mama ana sukari, na tangu baba afariki mimi ndiye ninayekaa naye. Miaka sita sasa. Asubuhi na jioni nampiga sindano, halafu nakaa naye mpaka amalize kula, maana ni mtu wa hadithi. Tonge moja na kisa cha Tabora, tonge la pili na kisa cha jirani wa Tabora, na chakula kinapoa. Ukimwacha peke yake hali, na sindano bila chakula humshusha sukari.

Jana, Alhamisi, siku ya mapumziko huku, kaka Khalfan alipita asubuhi na mkewe na watoto. Wanakaa Nizwa. Walikuwa wanakwenda bonde la Wadi Bani Khalid kuogelea, wakamwamkia mama, wakaahidi kurudi alasiri. Gari lao lilipoondoka nilijua siku yangu imefika. Nyumba tupu, mimi na mama tu. Nilitaka nitoke chumbani nimevaa gauni langu, nikae mbele yake, anione. Bas. Baada ya hapo na liwe litakalokuwa.

Nikampiga sindano. Nikamwekea mkate mwembamba wa rakhal na mayai na chai. Nikamwambia, "Kula mama, nakuja sasa hivi."

Sikuja sasa hivi.

Nilivaa, nikasimama mbele ya kioo. Nilichana ndevu. Mara tatu nilishika kitasa cha mlango na mara tatu nikarudi kukaa kitandani. Nilijitungia maneno ya kumwambia, nikayafuta, nikatunga mengine. Sijui ilikuwa nusu saa au saa nzima. Nilimsikia akiniita mara moja, kwa sauti ya kawaida, nikamjibu "Naja!" na sikwenda.

Nilipofungua mlango hatimaye, mama alikuwa amelalia ubavu juu ya mkeka. Mkate haujaguswa. Kichwa chote jasho, mtandio umelowa, macho yako wazi lakini hayanioni. Nilikoroga sukari kwenye maji nikamtia mdomoni kwa kijiko. Ikateremka shavuni. Hakuweza kumeza.

Nikambeba. Sikumbuki kutafuta ufunguo wa gari, sikumbuki kuvaa viatu, na kweli sikuvaa. Nakumbuka nilimwita njia nzima, "Mama! Mama!" na kila taa nyekundu niliipita.

Mlangoni mwa spitali mlinzi aliona nguo kabla ya kuona uso. Akanyoosha mkono bila kunitazama sana, "Akina mama upande ule." Kisha akaona ndevu. Mkono ukabaki hewani.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichovaa.

Mwaka mzima najiandaa kwa siku nitakayotoka hadharani, na siku yenyewe nimetoka bila kujua. Wala sikuhisi ushujaa. Wala aibu, mwanzoni. Nilikuwa nimembeba mama na mikono inaniuma, nikasema, "Sukari imemshuka, nisaidieni," na wakanisaidia. Hilo niliseme kwa haki. Mlinzi yule yule alikimbia kuleta kitanda cha magurudumu. Nesi wa Kihindi alimpima, akatafuta mshipa, akamtundikia dripu, na wakati wote huo hakunitazama chini ya kidevu.

Aliniuliza tu, "Amekula nini baada ya sindano?"

Nikasema, "Kidogo."

Uongo. Hakula chochote, na mimi ndiye niliyekuwa nikitazama kioo.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kungojea. Wazee wawili waliokuwa karibu yangu wakahama. Bwana mmoja alimgeuza mwanawe mdogo atazame ukutani. Mimi nilitazama miguu yangu, peku, na viua vyeupe magotini, nikamwomba Mungu ampe mama uhai. Nilimwomba kwa nguo ile ile. Sikuwa na nyingine.

Nesi alipotoka kuniambia kwamba amefumbua macho, nililia mbele za watu. Akasema atalazwa siku mbili. Nikampigia kaka Khalfan simu. Nilijua atanikuta vipi, na nilikuwa na muda wa kutosha kukimbia nyumbani nikabadilishe. Sikuthubutu kumwacha mama tena.

Khalfan alikuja nywele bado zina maji ya wadi. Akanitazama toka juu hadi chini, mara moja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa mpaka kwenye gari lake, akatoa dishdasha yake ya akiba.

"Vaa."

Nikavaa juu ya gauni. Khalfan ni mfupi kuliko mimi, ukijani ukatokeza chini.

"Vua hilo la ndani."

Nikaingia kiti cha nyuma cha gari, nikavua. Mabinti zake wawili walikuwa wamesimama nje wamegeuka upande wa barabara kama walivyoamriwa, na mdogo alikuwa akimuuliza mwenziwe kitu kwa sauti ndogo. Khalfan alilichukua gauni akalitia kwenye mfuko wa taka uliokuwa na mifupa ya kuku wa mandari yao. Akaufunga fundo.

"Mama alikumwagia uji," akasema. "Nguo zako zikalowa. Ukavaa la mama, ndilo lililokuwa karibu. Umenisikia?"

"Nimesikia, kaka."

Nimesikia. Mwaka mzima wa kujitia moyo, na hilo ndilo jibu langu.

Wodini mama alikuwa ameegemezwa mito, rangi imemrudia. Shemeji yuko pembeni anampepea, na mama wa kitanda cha pili ametega sikio. Khalfan akasema kwa sauti, ili asikie anayetaka kusikia, "Mama, si ulimmwagia uji huyu asubuhi?"

Hakukuwa na uji nyumbani jana. Mama alinitazama. Alinitazama muda mrefu, ile dishdasha fupi, miguu peku. Kisha akasema, "Nilimmwagia. Mikono yangu siku hizi haishiki kitu, mwanangu. Nisamehe."

Akaniomba msamaha. Mimi.

Kwa hiyo alikuwa ameniona. Mlangoni pale, au garini, macho yake yalikuwa yakiona. Au alikuwa ameniona siku nyingi kabla, uani, nikidhani amelala. Sijui, na sikuweza kumuuliza mbele ya watu.

Tulipotoka Khalfan alisema mama atahamia Nizwa, kwake. Jumamosi, wakimtoa spitali. Alisema wewe unahitaji kupumzika, akasema mama anahitaji mwanamke wa kumwangalia. Nilikuwa na mengi ya kujibu. Miaka sita ya sindano, asubuhi na jioni, sijawahi kukosa hata siku ya maziko ya baba mdogo. Lakini kila nilipofungua mdomo niliuona ule mkate haujaguswa.

Nikasema, "Sawa, kaka."

Linalonitafuna ni hili. Wote wanazungumza juu ya gauni. Khalfan gauni, wazee wa chumba cha kungojea gauni, na najua leo baada ya sala ya Ijumaa mji wote umeshapata habari za gauni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza tena kama mama alikula. Mbele yao nina kosa ambalo silioni kuwa kosa, na kosa langu la kweli hawalijui.

Asubuhi hii nimepanga nguo za mama kwenye begi. Kanga zake, mswala, miwani, ile redio ndogo. Halafu nikachukua karatasi nikamwandikia shemeji maelekezo. Sindano ya asubuhi kiasi gani, ya jioni kiasi gani. Ihifadhiwe kwenye friji, isiwekwe kule kwenye barafu. Akianza kutoka jasho bila joto, mpe juisi usingoje. Nikafika mahali pa chakula, kalamu ikasimama. Nisipoandika, shemeji atamwekea sahani ataondoka, kama anavyofanya kwa mtu mzima yeyote. Nikiandika, atauliza.

Nikaandika: Usiondoke mpaka amalize.

Kisha nikampigia simu, maana karatasi haitoshi. Nikamsomea yote. Ni mtu mpole, huniita shemeji kwa heshima hata jana hakuacha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Jana hukukaa naye?" akauliza.

"Sikukaa. Nilikuwa chumbani navaa. Hakula kitu."

Nilisikia watoto wake nyuma wakigombania televisheni.

"Itabidi nimwambie Khalfan, shemeji."

"Mwambie," nikasema.

Akasema atakaa naye, kila mlo, nisiwe na wasiwasi. Akakata.

Sasa natazama simu. Bado haijalia. Kesho saa nne watapita hapa na mama kuchukua begi. Nitalitoa mpaka garini mwenyewe. Sijui kama kaka atanifungulia mlango niushike mkono wa mama, na sijui, akinifungulia, nitamwambia mama nini kwa ule muda mdogo nitakaopewa.