Malaria ya Primus

Kidia, Old Moshi
14 Juni 2025

Mpendwa shangazi Ruth,

Shikamoo. Natumaini huko Songea mnaamka salama na presha yako imetulia. Sisi tupo, mvua imezidi, kahawa inafurahi, nguo hazikauki.

Nimeona nikushukuru kwa barua, maana kwenye simu nikianza tu nalia, vocha inaisha bure.

Unajua mdogo wangu Primus alivyobadilika tangu goti limkatalie kupandisha watalii mlimani. Hali chakula, hasemi. Mimi nikawatangazia majirani kuwa ana malaria. Ukishasema hivyo hapa kwetu umekwisha: mtori wa ndizi uliletwa sufuria kwa sufuria. Mbwa alinenepa, mgonjwa hakupona.

Uliponiambia nimuulize waziwazi kama anawaza kujiua, nilikuona umechanganyikiwa, unisamehe. Niliogopa nitampa wazo. Nikamuuliza tukimenya ndizi. Akaweka kisu chini, akasema, "Ndiyo, dada. Afadhali umeuliza." Kesho yake tulishuka hospitali mjini. Sasa anatumia dawa, na yupo daktari anayezungumza naye.

Basi nikajigeuza askari wake. Nilimfuata zizini, nikamfuata kwenye kahawa. Siku moja akageuka: "Dada, na chooni utaingia?" Tulicheka wote, lakini usingizi ulikuwa umenihama, na ng'ombe nilikuwa namfokea kama mkwe. Ndipo uliponigombeza kwenye simu, kwamba nikianguka mimi watauguzwa wawili, na kwamba niwaambie watu ukweli.

Primus aliporidhia, nilimwambia Godwin, jirani tunayepakana naye shamba. Huyu hakuleta mtori. Alisimama uani akaita, "Primus, twende tukalete majani ya ng'ombe, usiniache mzee wa watu peke yangu!" Tangu hapo huja mara kwa mara, na mimi hapo napumua. Nimerudi hata kwaya ya usharika.

Bado zipo siku nzito, sikudanganyi. Juzi Primus alinifuata mwenyewe, kabla sijamuuliza chochote: "Dada, leo ni mbaya. Mwite Godwin, wewe nenda kwaya."

Nikamwita, nikaenda. Niliimba vibaya sana, shangazi, nikiwa na amani.

Nisalimie Davis na Kindness hapo nyumbani. Mungu akutunze kama ulivyotutunza sisi wawili.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayelala tena usingizi,

Elinipendo