Chupa Iliyolala Shimoni Busunzu

Barolo, Italia
14 Oktoba 2018

Mpendwa Baba,

Mwakeye. Hujambo? Kifua kinakusumbua tena mvua zikianza? Kaka Pasikali na wa nyumbani kwake hawajambo? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayoninyanyasa.

Hii ni barua yangu ya saba tangu nilipotoka utawani mwaka 2012, na hujajibu hata moja. Leo siandiki kuomba lolote. Jana nilikunywa kitu, na katika dunia hii sina mtu wa kumweleza isipokuwa wewe.

Ninamtunza mzee mmoja, Ernesto, miaka themanini na minane. Maisha yake yote ametengeneza divai kama wewe ulivyotengeneza pombe ya ndizi. Vilima vya hapa vinajaa ukungu asubuhi kama Busunzu, na zabibu zao huchelewa kuiva kuliko za wenzao wote. Jana alinituma ghalani chini ya nyumba nikamletee chupa ya mwaka 1985. Ni umri wangu, Baba. Aliifungua alfajiri, akanikataza kuigusa mpaka chakula cha mchana, eti lazima ipumue kwanza.

Rangi yake si ile ya divai ya altareni. Imepauka, imekuwa kama tofali lililoiva tanuruni. Nikanusa: waridi. Na nyuma ya waridi, lami, Baba, lami ya barabara! Nikadhani pua yangu imeharibika. Nikaonja. Ikaingia taratibu, ikaushika ulimi kidogo, halafu ikakataa kuondoka. Nimeosha vyombo, nimefua, bado ipo kinywani. Nililia pale jikoni na sijui kwa nini. Miaka thelathini na mitatu imekaa gizani ikijitengeneza yenyewe, hakuna aliyeigusa.

Padri Marselino wa Kasulu amemaliza masomo, anarudi. Nimempa chupa akuletee. Ni ya 2010, mwaka niliotoka nyumbani kuja utawani huku. Mzee Ernesto ameichagua mwenyewe, na anasema isifunguliwe kabla ya 2025. Ilaze ubavu, mahali pa giza na ubaridi.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Epifania


Busunzu, Kibondo
20 Januari 2019

Epifania,

Salamu. Mimi mzima. Pasikali mzima. Mbuzi wazima.

Chupa imefika. Padri aliiacha dukani kwa Saady, Kibondo mjini, kwa kuwa barua zetu hupitia sanduku lake. Saady ni mtu wa swala tano, akaikuta imekaa juu ya mifuko ya sukari. Hakuigusa. Aliifunika kwa khanga ya mkewe, akanipigia simu nije nimwondoe mgeni wangu.

Nimeitazama. Pombe gani hiyo ya kungojwa miaka sita? Yangu siku ya tatu ni tamu, ya nne ina nguvu, ya sita ni siki na wanywaji wameshahamia kwa jirani.

Tena umesahau desturi. Pombe haipokelewi mpaka aliyeileta ameionja mbele ya mwenyeji, ijulikane kuwa hakuna ubaya ndani yake. Wewe hukuja kuonja. Kwa hiyo sijaipokea. Ipo tu ndani ya nyumba.

Na kwa kuwa umenichokoza, ngoja niseme. Mwaka 2010 nilipika mitungi kumi na miwili ya kukuaga. Nilionja mbele ya watu, nikatamka kwamba binti yangu nimempa Mungu. Kijiji kizima kililinywa neno langu. Ulipotoka utawani, mwongo nikawa mimi. Mpaka leo wanaokuja kunywa kwangu wananitazama.

Venanti Ndayikunda


Barolo
3 Machi 2019

Baba,

Mwakeye. Umesaini jina kamili kama unamwandikia mtendaji wa kata, lakini umeandika, na mimi nimefurahi mpaka mzee Ernesto akaniuliza nimepata nini.

Yote uliyosema ni kweli. Sikuwa na wito, na nililijua hilo mapema. Ile mitungi kumi na miwili niliiogopa miaka miwili mizima kabla ya kufungua mdomo. Aibu uliyobaki nayo ni yangu, wewe umenibebea tu. Nisamehe, Baba.

Sasa nikuambie habari za kazi. Mzee alinionjesha divai changa kutoka pipani. Ukakasi wake! Ulimi ulikauka, mashavu yakashikana, kama siku ile utotoni nilipoiuma ndizi ya pombe ikiwa mbichi, wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikamsimulia hilo. Nikamsimulia pia jinsi unavyozizika ndizi shimoni mpaka ukakasi uwe utamu. Aliacha kula. Akasema kwao ukakasi ndio mlinzi, kwamba divai isiyo nao hupendeza mapema na kufa mapema. Tangu siku hiyo ananiuliza: yule mwenzangu wa Afrika, anajuaje zimeiva wakati hazioni? Ndivyo anavyokuita, mwenzangu. Sijui nimjibu nini.

Binti yako,
Epifania


Busunzu
9 Mei 2019

Epifania,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, maharage yamekubali mwaka huu.

Mwambie huyo mzee hivi. Shimo unalichimba kufika kiunoni, unachoma majani makavu ndani lipate joto, unatandika majani mabichi, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo. Halafu unaondoka. Hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa, kuondoka. Kila asubuhi weka kiganja juu ya udongo. Ukiwa na joto, subiri. Nyuki wakianza kuzunguka, wao wamesikia harufu kabla yako, basi fukua. Usifukue kwa hamu. Aliyefukua kwa hamu amekunywa maji ya ndizi.

Na ndizi ya ukakasi ndiyo yenye pombe. Hii ya kula haina ukakasi, pombe yake ni ya watoto. Kumbe na kwao ni hivyo hivyo? Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Mtu yuko huko kwenye barafu, mimi niko hapa na jembe langu, na wote wawili tumeambiwa siri moja. Nani aliyetuambia?

Basi nimeichimbia chupa shimo lake migombani, upande usiopata jua. Sikuchoma moto. Nimeilaza ubavu juu ya majani makavu, nikafunika ubao na udongo. Pasikali alicheka, akauliza kama nitamwita padri aisomee mazishi. Usidhani nimeipokea. Naitunza tu.

Mzee Venanti


Barolo
5 Aprili 2020

Baba,

Natumaini maradhi haya hayajafika huko. Kaeni mbali na mikusanyiko, nakuomba.

Mzee Ernesto amefariki. Gari la wagonjwa lilikuja kumchukua, sikuruhusiwa kupanda. Tulimzika watu wanne. Kabla hawajamtoa alinishika mkono, akaniambia, "Mwambie mwenzangu asifukue kwa hamu." Maneno yako mwenyewe, Baba. Barua yako nilikuwa nimemtafsiria mara tatu, alizoea kuiomba kama hadithi.

Kuna jambo nililificha kwa aibu. Nilipotoka utawani kibali changu cha kuishi huku kilikufa. Nikivuka mpaka, kurudi kazini siwezi. Ndiyo maana sijaja. Sasa binti yake mzee ananisaidia kuomba makaratasi, lakini yanaweza kuchukua miaka.

Binti yako,
Epifania


Busunzu
30 Juni 2020

Mwanangu Epifania,

Pole. Pole sana kwa msiba. Nilipopata barua nilipika mtungi mmoja, na ya kwanza nikaimwaga chini kwa ajili yake. Padri asisikie. Watu waliuliza ninammwagia nani. Nikawaambia, mwenzangu.

Miaka yote hii nilidhani huji kwa kiburi. Zile barua zako sita za mwanzo sikuwahi kuzifungua. Zilikuwa kwenye sanduku la nguo, chini ya koti langu la harusi. Wiki iliyopita nilizitoa nikazisoma zote, siku mbili sikwenda shamba. Ungekuwa karibu ningekuomba radhi kwa mdomo. Kwa sasa naiandika: nilikukosea, mwanangu. Mungu sikumpa binti, nilimpa mitungi kumi na miwili.

Chupa imelala. Haifukuliwi bila wewe.

Baba yako


Busunzu
12 Januari 2025

Mwanangu,

Anayeandika ni Pasikali, mkono wangu unatetemeka. Kifua kimenilaza tangu Krismasi. Mwaka uliotajwa umeingia, na kaka yako anasema tuifungue sasa, kinywa changu kingali kinajua ladha. Nimemkatalia. Mimi na chupa tunamngoja mtu mmoja. Lakini mwanangu, nyuki wameanza kuzunguka.

Baba yako


Barolo
2 Machi 2025

Baba,

Makaratasi yametoka. Nakuja Julai. Usifukue kwa hamu.

Epifania wako


Busunzu
21 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa Epifania,

Mwakeye. Ulifika salama? Baridi imeanza? Mimi nimepata nafuu, juzi nimetembea mpaka migombani bila fimbo. Pasikali anaandika na anataka nisifu mwandiko wake, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nataka nikusimulie siku ile, maana ulikuwa unalia, huenda hukuona vizuri.

Niliwaita wote walioinywa mitungi yangu ya 2010. Waliobaki hai ni thelathini na mmoja, na chupa ni moja. Mmoja wao, Melkiadi, alishika tumbo kwa kucheka, akasema Venanti amezeeka, anatugawia dawa ya kikohozi. Tukapima kwa kikombe kidogo cha kahawa, kila mtu nusu kikombe. Ukasimama katikati, umevaa kitenge cha marehemu mama yako, ukaonja kwanza. Ukasema, "Nimeonja mimi. Hakuna ubaya ndani yake." Nami nikasema mbele yao wote, "Nimeipokea." Hakuna aliyeuliza tumeongea habari gani. Wote walijua.

Halafu zamu yangu. Mwanangu, nilijiandaa kusema ni nzuri hata kama ni mbaya. Haikuhitajika. Lami niliinusa kweli, ileile ya barabara mpya ya Kasulu walipokuwa wanaimwaga, na waridi juu yake kama maua ya maandamano ya Ekaristi. Ukakasi ulikuwepo bado, lakini umekaa kitako kama mzee aliyeacha ugomvi. Nimepika pombe miaka hamsini na sikujua kinywaji kinaweza kukumbuka.

Ulipokwenda kumsindikiza padri wa parokia hukuona mengine. Bibi Esteri, ambaye ndiye aliyenisema kuliko wote ulipotoka utawani, hakumeza. Aliibeba mdomoni mpaka nyumbani kwake, ukimsalimu anakujibu kwa kichwa! Kesho yake alikuja kuniambia alitaka ikae. Tangu hapo wakija kunywa hawanitazami. Wananiuliza binti atakuja lini.

Sasa jambo la mwisho. Chupa uliiacha, na ndani mlibaki machicha kidogo. Sikuyaosha. Nilipika ndizi zenye ukakasi kuliko zote, nikaiacha pombe ichemke mpaka inyamaze kabisa, kwa sababu ukiiziba ingali inasema itaipasua chupa. Nikajaza, nikaziba kwa kizibo kilekile na nta ya nyuki. Imelala ubavu katika shimo lilelile. Isifunguliwe kabla ya 2040.

Miaka yangu naijua, sitakuwepo. Huenda mtakuta siki, nayo siki hutiwa kwenye mboga, haitupwi. Ila usije ukasimama pale ukasema huwezi kuipokea kwa sababu aliyeitoa hayupo. Nimeonja mimi, mbele ya Pasikali na Bibi Esteri. Hakuna ubaya ndani yake.

Baba