Mgombea Asiye na Rika

Jumamosi usiku

Na goti bado linauma kwa kule kusimama.

Nilikwenda Terrat kuomba kura za ubunge. Wazee wa Kiarusha walikuwa wamekaa kwa marika, kila rika na upande wake. Mzee wao mkuu akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni wa rika gani?" Nikamjibu kwetu Burundi hatuna marika. "Basi hatujui ukae wapi," akasema. Na asiye na pa kukaa haongei.

Nikasimama juani na uraia wangu wa Tanzania na shahada yangu, mpaka Lemburis, niliyemfundisha hesabu bila mafanikio, akainuka. "Akae na sisi. Tulikuwa naye darasani."

Wazee wakacheka, wakakubali. Nina miaka hamsini na tisa. Rika langu ni la vijana.

Nikadhani yameisha. Akaja Loishiye, mwanafunzi wangu wa zamani zaidi, mkaidi kuliko wote, wa rika lililowatangulia hao vijana. Akasimama mbele yangu, akingoja.

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahabaaa, mwalimu." Aliivuta kana kwamba ameisubiri tangu darasa la tano.

Kura yake sina hakika nayo. Ila baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena nimetoka wapi.