Kura ya Raundi ya Tano

Warszawa, 10 Desemba 1922

Mwanangu Petronela,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ng'ombe wetu pia. Mimi sijambo, ila ngazi za bunge zinanimaliza mguu. Chumba nilichopanga kinanuka kabichi ya jirani ambaye hata uso wake siujui.

Jana tulimchagua rais wa kwanza wa nchi yetu, sisi wabunge na maseneta. Tulipiga kura mara tano. Mtu wa chama chetu alitolewa raundi ya nne, wakabaki kabaila mwenye ardhi isiyo na mwisho na profesa mmoja mhandisi. Mimi mkulima nimpe kabaila kura yangu? Nikampa profesa. Wabunge Wayahudi na Waukraini nao wakampa, akashinda. Mwenzangu akaninong'oneza, "Walenty, leo tumejitafutia balaa."

Niandikie habari za harusi yako na Ignac. Hapa sina wa kuzungumza naye.

Baba yako

Brzozówka, 14 Desemba

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ng'ombe wazima. Wewe je? Gazeti linasema Jumatatu, siku ya kiapo, wabunge walipigwa barabarani na wanaompinga rais mpya. Nieleze ukweli, usinifiche kama ulivyonificha ugonjwa wa mama.

Huku wanasema mmetuchagulia rais wa Wayahudi. Kwenye kinu cha kusaga unga nilisimama na gunia langu, wote wakanyamaza mpaka nilipoondoka. Mama yake Ignac aliniuliza, "Baba yako ametuuza kwa nani?" Ignac alikuwepo, akawa anatazama buti zake.

Mwanao Petronela

Warszawa, 17 Desemba

Mwanangu,

Natumai u mzima. Nilirushiwa donge la theluji lenye jiwe ndani, sikio likachanika kidogo. Limepona. Sikutaka ukose usingizi.

Jana rais aliuawa. Alikwenda kutazama maonyesho ya picha, mtu akampiga risasi kwa nyuma. Siku tano tu tangu aape. Nilimwona mara moja kwa karibu, amechoka, koti limechafuka kwa theluji waliyomrushia. Petronela, mkono wangu ni mmoja wa mikono iliyompeleka pale. Nazunguka na neno hili humu chumbani, na hakuna wa kumwambia.

Tarehe ishirini tunapiga kura tena. Nikimaliza nitapanda treni nije kula Krismasi nyumbani.

Baba yako

Brzozówka, 19 Desemba

Baba,

Nimeiandika barua hii mara tatu.

Wakwe wamenialika kwao mkesha wa Krismasi. Wanasema harusi itafungwa baada ya sikukuu, lakini hawatakaa meza moja na wewe. Ignac anaomba tuwape muda, hasira zitapoa. Nina miaka ishirini na tisa, Baba. Naomba mwaka huu usije.

Nisamehe.

Petronela

Warszawa, 21 Desemba

Mwanangu,

Nimeelewa, usilie. Jana tulipiga kura, na safari hii ameshinda yule mtu wetu wa mwanzo. Kazi imekwisha mapema. Wenzangu wamekwenda stesheni, nami nikawasindikiza na kuwabebea mizigo.

Vaa ile shali ya mama yako, huko kwa wakwe kuna baridi.

Baba yako

Brzozówka, 26 Desemba

Baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui kama barua hii itakukuta na afya.

Nilikwenda kwao. Kwenye meza walikuwa wameweka sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa, kama ilivyo desturi ya kila nyumba usiku huo. Nikamuuliza mama yake Ignac, "Baba yangu angebisha hodi sasa hivi, angepewa sahani hii?"

Akajibu, "Ile ni ya mgeni, siyo ya yule."

Nikamtazama Ignac. Akachukua mkate.

Nikavaa koti langu, nikarudi nyumbani kwa miguu kupitia shambani. Hakunifuata mtu. Niliwasha jiko, nikapika supu ya uyoga, nikaandaa kwa watu wawili. Kila mbwa alipobweka nilikwenda dirishani. Mpaka supu ikapoa ndipo nilipokubali kwamba huji, na kwamba aliyekukataza ni mimi.

Harusi haipo. Treni ya Jumamosi inafika saa nane mchana. Nitakuwa stesheni. Usipokuja na hiyo, nitakuja kuisubiri ya Jumapili pia.

Mwanao